Wati 20 Zinatosha Sebuleni

Bajeti ilikuwa shilingi laki nne, na sebule ni ile ya kawaida ya Tabata: mita 4 kwa 3.5, vigae chini, jipsamu juu, kuta za tofali za saruji. Mwenye nyumba ni shemeji yangu, mpenzi wa taarabu na rumba ya Kongo, na alikuwa ameshachagua sabufa Kariakoo, yenye taa za rangi na maandishi ya maelfu ya wati ubavuni. Nilimwomba aigeuze asome kibandiko cha nyuma. Kiliandikwa kuwa inatumia wati 60 za umeme. Hakuna chombo kinachotoa mfululizo nguvu kubwa kuliko ile inayoingia, kwa hiyo yale maelfu, yanayoandikwa PMPO, hayamsaidii mnunuzi kwa lolote. Namba ya kuulizia ni wati za RMS, zile ambazo amplifaya inazitoa muda wote bila sauti kukwaruza.

Badala ya sabufa alinunua spika mbili za mtumba na amplifaya ndogo ya Kichina, akatumia chaja ya laptopu iliyokuwa imelala kabatini na simu yake mwenyewe. Zaidi ya nusu ya fedha ilikwenda kwenye spika, na ndivyo inavyotakiwa. Amplifaya za leo, hata za bei ndogo, zinaharibu sauti kidogo sana. Spika ndiyo inayosukuma hewa, na hapo kila uzembe wa mtengenezaji unasikika: besi iliyovimba, sauti ya mwimbaji inayotokea puani, fidla zinazochoma masikio.

Spika ya mtumba inakaguliwa kwa mkono kabla ya sikio. Toa kitambaa cha mbele, uangalie ukingo unaoshika koni ya wufa. Spika nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina ukingo wa sponji, na sponji hiyo inaoza yenyewe hata kama spika haikuguswa. Joto na unyevunyevu wa pwani huiharakisha. Ibonyeze polepole kwa kidole: ikiacha unga au ikipasuka, achana nayo, isipokuwa kama unamjua fundi wa kubandika ukingo mpya. Ukingo wa raba hudumu zaidi. Kisha sukuma koni ndani kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Spika ya omu 8 ukiipima kwa mita inasoma kama omu 6, na hilo si kasoro. Ila mita haitakuambia habari za twita, kwa kuwa kapasita iliyomo ndani ya boksi inaizuia isionekane. Kwa twita, cheza wimbo wenye kayamba au simbali na usogeze sikio.

Shemeji alipata jozi yenye wufa ya inchi 6 na nusu, ukingo wa raba, na nyuma imeandikwa desibeli 88. Maana yake ni kwamba ukiipa wati 1 tu, mtu aliye mita 1 mbele yake anasikia desibeli 88. Mazungumzo ya kawaida yako karibu na 60. Ukikaa mita 2 kutoka kwa spika mbili za namna hiyo, wati 1 kila upande inakupa zaidi ya desibeli 80, yaani tayari utapaza sauti ili uongee. Ukizidisha nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu. Wati 20 zinakuongezea 13. Kwa hiyo spika ya desibeli 91 yenye amplifaya ya wati 20 inapiga sawa na ya desibeli 88 yenye wati 40, na hapo ndipo penye akiba ya kweli.

Ushahidi wa zamani upo. Mwaka 1978 kampuni ya NAD ilitoa amplifaya ya bei nafuu, NAD 3020, iliyobuniwa na Erik Edvardsen. Ilitangazwa kuwa na wati 20 kila upande, ikapendwa na wasikilizaji makini dunia nzima kwa sababu fedha ilitumika kwenye usambazaji wa umeme ndani yake, na mapambo yakaachwa.

Amplifaya ya shemeji inatumia chipu ya TPA3116. Chaja ya laptopu ya volti 19 ikiendesha chipu hiyo kwenye spika za omu 8 inatoa takriban wati 20 kila upande, zilezile za NAD. Alikuwa amevutiwa na amplifaya nzito ya Kijapani, yenye sura ya chuma na bei nzuri. Tuliisoma nyuma: volti 100. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Japani ukivichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 vinaungua papo hapo, na transfoma ya kushushia umeme ingekula sehemu ya fedha ya spika.

Waya haukutusumbua. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule wa kawaida wa duka la vifaa vya umeme, kwa mita 5 unaongeza omu 0.07 tu kwenda na kurudi. Hakikisha ni shaba. Mwingine ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba kwa juu.

Kazi kubwa iliyobaki haikugharimu shilingi nyingi, na ndiyo iliyobadilisha sauti kuliko yote. Spika zilikuwa zimesukumwa kwenye kona, kila moja ubavuni mwa kabati la televisheni. Kila ukuta ulio karibu unaiongezea spika besi, na kona ni kuta mbili. Juu ya hapo, chumba chenye urefu wa mita 4 kina mvumo wake karibu na hezi 43, na mvumo huo huwa mkubwa zaidi ukutani, hapohapo lilipoegemezwa sofa. Gitaa la besi la rumba lilikuwa likitoa noti moja inayonguruma na nyingine zimepotea. Fundi wa mageti alichomelea stendi mbili za chuma ili twita zifike usawa wa sikio la mtu aliyeketi. Spika zilisogezwa mbele kama nusu mita, zikaachana mita 2, na sofa likatoka ukutani. Zulia liliwekwa kati, kwa sababu ukipiga makofi chumbani ulikuwa unasikia vigae vikijibu kwa mlio mkali, na mlio huohuo ulikuwa ukifunika herufi za mwisho za maneno ya mwimbaji.

Kuthibitisha kuwa nyaya zimekaa sawa, tumia rekodi ya mono, yaani ile inayotoa sauti ileile kwenye spika zote mbili. Nyimbo nyingi za muziki wa dansi wa miaka ya mwanzo ya 1960 zilirekodiwa hivyo. Tuliweka wimbo wa Salum Abdallah na Cuban Marimba. Mwimbaji alipaswa kusimama katikati kabisa, mahali ambapo hapana spika. Akisikika ametawanyika huku na huku na besi imekonda, spika moja imefungwa kinyume: zima amplifaya, badilisha nyaya mbili za spika hiyo nyekundu kwa nyeusi, uwashe tena na usikilize wimbo uleule.