Taharuki Isiyo na Fumbo: Uhakiki wa Filamu The Last King of Scotland

Filamu The Last King of Scotland, iliyoongozwa na Kevin Macdonald mwaka 2006 kutokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, imesifiwa zaidi kwa uigizaji wa Forest Whitaker, aliyetunukiwa tuzo ya Oscar mwaka 2007 kwa kumwigiza Idi Amin. Sifa hiyo ni ya haki. Msuko wa filamu, hata hivyo, unastahili kuchunguzwa kwa ukali zaidi.

Katika hadithi za upelelezi msomaji humtafuta mwuaji. Chini ya utawala wa Amin (1971–1979) mwuaji alijulikana. Mwaka 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani mwake. Mwaka huo huo Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, alitoweka. Taharuki itatoka wapi, basi, ikiwa jibu limekwisha kujulikana? Macdonald anaipata katika neno. Garrigan, daktari kijana kutoka Scotland, anamwona waziri Wasswa akizungumza na mgeni hotelini, anamweleza Amin, na baada ya hapo waziri haonekani tena. Garrigan hakushika kisu wala bastola, naye ameua. Tukio hili fupi ndilo kilele cha kweli cha filamu, ingawa mwongozaji haonyeshi dalili ya kulitambua. Mtazamaji wa Yangambi au Kisangani aliyesoma wakati wa chama kimoja cha MPR, wakati vijana wa JMPR walipokuwa na masikio hadi mabwenini, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Baada ya hapo filamu inapotoka. Kay, mke wa Amin, anafanywa mpenzi wa Garrigan, na maiti yake iliyokatwakatwa inakuwa adhabu ya daktari huyo mgeni. Katika historia, Kay, aliyekuwa amekwisha kutalikiwa, alifariki mwaka 1974, na aliyehusishwa na kifo chake ni daktari Mganda, ambaye naye alijiua. Huyo amefutwa kabisa ili Mskoti apate nafasi. Mtunzi ana ruhusa ya kubuni. Lakini hapa ubunifu umempora Mganda hata msiba wake. Daktari Junju naye anajitoa mhanga uwanjani Entebbe ili Garrigan aondoke, kwa hoja kwamba ulimwengu utamwamini kwa kuwa ni Mzungu. Yawezekana maneno hayo yalikusudiwa kuwa kejeli. Ikiwa ndivyo, filamu nzima imeangukia ndani ya kejeli yake yenyewe.

Jambo la mwisho ni lugha. Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya uigizaji huu, lakini Kiingereza ndicho kinachobeba mazungumzo yote muhimu. Hasara yake si ndogo. Askari wa King's African Rifles, Amin akiwa mmoja wao, waliamrishwa kwa Kiswahili, na mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa Waganda wengi, hasa wa kusini, Kiswahili kikabaki lugha ya kizuizi cha barabarani. Kisangani mambo yalikuwa kinyume: Kiswahili kilikuwa cha sokoni na nyumbani, na Lingala, lugha ya jeshi tangu zama za Force Publique, ndiyo iliyobisha mlango usiku. Kwa hiyo mtazamaji wa huku husikia katika kinywa cha Amin lugha ya shangazi yake, ilhali wa Kampala husikia buti. Tofauti hiyo ingeweza kutumiwa. Garrigan angesimama kizuizini, askari wakijadiliana juu yake kwa Kiswahili, bila tafsiri yoyote chini ya picha, naye akitabasamu kwa kudhani wanamsalimu.