Ufundi wa Kuyaachia Maji

Maji ya bahari yaliyotuama kwenye glasi humdanganya mtazamaji. Ni maangavu, hayana chembe inayoonekana, na mtu angeapa kwamba ni kitu kimoja. Kumbe ni mchanganyiko, ila umechanganyika sawasawa mno. Kila kilo moja ina takribani gramu 35 za chumvi za namna nyingi, na kati ya hizo chumvi ya chakula ni kama gramu 27. Nyingine ni za magnesiamu, kalisi na potasi. Kazi ya watu wa mashamba ya chumvi, kuanzia Bagamoyo hadi Gongoni kaskazini mwa Malindi, ni kuzitenga kwa jua, upepo na majaruba.

Maji huingizwa bahari inapojaa, kisha hupitishwa jaruba hadi jaruba huku yakizidi kukolea. Kila chumvi ina kiwango chake cha kutulia chini. Maji yakipungua hadi nusu, chokaa huanza kushuka. Yakibaki moja ya tano, jasi hufuata. Chumvi yenyewe husubiri mpaka ibaki kama moja ya kumi tu. Kwa hiyo fundi huhakikisha jasi imebaki kwenye majaruba ya mwanzo, ndipo ayafungulie maji jaruba la mavuno.

Hapo fuwele hujitokeza, lakini mtihani mkubwa bado. Juu ya chumvi hubaki maji machungu yaliyojaa magnesiamu. Akiyaacha yakauke atavuna uzito mkubwa zaidi, ila wa chumvi yenye uchungu, inayovuta unyevu wa hewa na kulowesha gunia. Fundi mwema huyamwaga kabla hayajakauka. Kisha huiosha chumvi kwa maji yaliyokwisha kushiba chumvi, kwa sababu maji hayo huondoa magnesiamu bila kuyeyusha mavuno. Naona hapa akili kubwa kuliko ya mashine nyingi.

Vitabu vya shule hutufundisha kugawa maada katika dutu safi na michanganyiko, na mara nyingi mwanafunzi hudhani ni orodha ya kukariri. Kwenye majaruba mgawanyo huo una maana ya kazi. Mchanganyiko hutenganishwa kwa njia za kawaida: kukausha, kuchuja, kuosha. Dutu safi ina tabia zisizoyumba. Chumvi safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 801, iwe imetoka baharini au mgodini. Nayo pia ni kampaundi ya sodiamu na klorini, ambazo jua la pwani haliwezi kuziachanisha hata likiwaka mwaka mzima. Kuziachanisha kunahitaji umeme upitishwe katika chumvi iliyoyeyushwa. Jua linapokoma, ndipo mpaka kati ya mchanganyiko na kampaundi unapoonekana.

Baada ya taabu yote hiyo, chumvi hutiwa madini joto ili kukinga watu na ugonjwa wa tezi la shingo. Inarudi kuwa mchanganyiko, safari hii kwa kipimo na kwa makusudi. Bahari ilituchanganyia bila kutuuliza. Fundi ametenga kwanza, akajua alichonacho, ndipo akaongeza kinachofaa. Ujuzi wa namna hiyo unastahili heshima darasani kama unavyostahili shambani.