"Nakala Ngumu" na "Kuhifadhi": Uhakiki wa Istilahi za Nyaraka

Istilahi hupimwa kwa kazi inayoifanya ofisini, si kwa utamu wake masikioni. Makala haya yanakusudia kuyapima kwa kipimo hicho maneno manne yanayotumika katika utunzaji wa nyaraka kwa kompyuta, nayo ni kumbukumbu, hifadhi, kuhifadhi na nakala ngumu. Mfano wetu tumeuchukua Morogoro, kwa kuwa huko baadhi ya maneno haya yanagongana waziwazi, na kwa kuwa nyaraka zinazohusu milima ya Uluguru zikipotea hazitapatikana tena.

Tuanze na jina la idara yenyewe, yaani Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo kazi zake zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2002. Katika jina hilo, kumbukumbu ni majalada ambayo bado yanatumika katika shughuli za ofisi, na nyaraka ni yale yaliyochaguliwa yatunzwe daima. Mgawanyo huu ni mzuri, lakini haujulikani sana nje ya masjala. Kwa mwananchi wa kawaida, waraka waweza kuwa barua ya serikali iliyotoka jana. Kumbukumbu nayo ni mambo yaliyomo akilini, ni maadhimisho ya kila mwaka, tena ni ile "Kumb. Na." iliyo juu ya kila barua rasmi. Neno limebebeshwa mizigo mingi mno.

Wako wanaopendekeza kuiita nyumba ya nyaraka hifadhi, na mtunzaji wake mhifadhi. Pendekezo hilo likifika Morogoro litaleta kicheko. Huko Hifadhi ya Taifa ni Mikumi, yenye tembo na simba, iliyoanzishwa mwaka 1964. Na misitu ya Uluguru nayo ni hifadhi ya mazingira asilia. Mhifadhi anajulikana kwa kazi yake ya porini. Lugha haikosi neno la kumwondolea msomaji utata huo. Wenzetu wa Kenya husema makavazi, na hapa kwetu liko Kavazi la Mwalimu Nyerere, lililoanzishwa chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia. Yafaa neno hilo lipewe nafasi pana zaidi.

Utata wa hifadhi ni wa kuchekesha. Ule wa kuhifadhi ni wa hatari. Katika programu za kompyuta, "hifadhi" ni kitufe: karani akikibonyeza, kazi aliyoiandika haipotei mashine izimwapo. Kwa mtunza nyaraka, kuhifadhi ni kazi isiyo na mwisho. Ni kuweka nakala kadhaa mahali mbalimbali, kuzikagua mara kwa mara ili kuthibitisha kwamba hazikuharibika, kuzigeuza kuwa za muundo mpya kabla programu ya zamani haijaachwa kutumika, na kuandika maelezo ya nani aliuandika waraka, lini, na katika jalada gani. Mikrofilamu iliyotengenezwa na kutunzwa vema yaweza kudumu kwa karne kadhaa, na msomaji wake anahitaji taa na lenzi tu. Faili la kompyuta lahitaji umeme, mashine na programu inayoufahamu muundo wake. Kimoja kikikosekana, halisomeki. Aliyebonyeza kitufe ameweka, bado hajahifadhi.

Tamko la nne, nakala ngumu, limefasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza. Katika lugha hiyo hutumika kwa karatasi iliyotolewa na kompyuta, na hiyo kweli ni nakala. Je, barua iliyopigwa kwa taipureta mwaka 1955 ni nakala ya nini? Mwaka huo ndio uliotokea ghasia za Uluguru, wananchi walipoukataa mpango wa wakoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani. Katika karatasi za namna hiyo, maandishi ya kalamu pembeni, rangi ya wino, mihuri na mfuatano wa kurasa ndani ya jalada ni ushahidi: huonyesha nani alijua nini na nani aliamuru. Picha ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, huweza kuufuta sehemu ya ushahidi huo. Karatasi hiyo ni asili. Tukiiita nakala, tumekwisha kuruhusu itupwe.

Yamkini msomaji atasema kwamba muktadha utaonyesha maana. Na achukue basi agizo la kubuni kama hili: "Nyaraka zote zihifadhiwe katika kompyuta, na nakala ngumu ziondolewe." Afisa mtiifu atapiga picha, atabonyeza kitufe, kisha atachoma majalada. Hakukiuka agizo hata kidogo, wala neno kuteketeza halikutajwa. Kosa liko katika istilahi, na hasara itawaangukia wajukuu wa wakulima wa Matombo watakaotaka kujua mababu zao walipinga nini.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kitufe cha kompyuta kiitwe weka, na kuhifadhi kuachiwe kazi ya kudumu. Pili, karatasi ya kwanza iitwe asili, na picha yake iitwe nakala ya kidijiti. Nakala ngumu liondolewe katika maandishi rasmi. Tatu, nyumba ya nyaraka iitwe kavazi. Nne, kila agizo la kuondoa karatasi litaje waziwazi kama ni kuzipeleka kavazini au ni kuziteketeza.

Mifumo ya ofisi mtandao inaendelea kuingia serikalini, na maneno yaliyoandikwa kwenye vitufe vyake yatakuwa mazoea ya makarani kabla wanaisimu hawajakutana. Wafasiri, walimu na watumishi wa masjala wanaombwa wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, wayakosoe, na walete yaliyo bora zaidi.