Fani na Maudhui ya Gari: Uhakiki wa Magari Manne ya Kampala

Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa mapema kwamba kila kazi ina fani na maudhui, na kwamba fani nzuri ni ile inayobeba maudhui yake bila kuyasaliti. Sioni kwa nini kipimo hicho kikomee kwenye riwaya na tamthilia. Gari nalo lina umbo lililobuniwa na mtu, na lina kazi lililokusudiwa kufanya. Tena gari humeza akiba ya miaka mingi ya mwalimu au mfanyabiashara mdogo, hivyo kulisoma vibaya huumiza mfuko kuliko kuisoma vibaya riwaya. Katika makala haya ninahakiki magari manne yanayoonekana kila siku katika barabara za Kampala: Toyota Premio, Allion, Harrier na Probox. Hoja yangu ni kwamba wanunuzi wengi tunalipia sura, na sura hiyo mara nyingi haituambii gari litatufaa kwa kazi gani.

Nianze na Premio na Allion, kwa sababu hawa ni ndugu wa tumbo moja. Yalitoka pamoja mwaka 2001, Premio likirithi Corona na Allion likirithi Carina. Chini ya bodi ni gari moja, na injini ni zilezile. Tofauti iko usoni. Premio limepewa grili yenye kromu na mistari mitulivu, sura ya mzee anayeheshimika. Allion limepewa taa kali na uso wa kijana. Kwa lugha yetu, hizi ni fani mbili za maudhui yaleyale. Hata hivyo, mtaani Premio ndilo huulizwa kwanza, na kwa kawaida bei yake hupanda juu ya Allion la mwaka uleule. Fedha hizo za ziada zinanunua kromu.

Mhakiki hapaswi kusahau mazingira yaliyoizaa kazi. Japani huyaweka katika daraja la magari madogo yale yasiyozidi upana wa mita 1.7, urefu wa mita 4.7 na injini ya sisi 2000. Premio na Allion zilichorwa ndani ya mipaka hiyo, ndiyo maana miili yao ni myembamba na paa limeinuka ili abiria wapate nafasi. Wanaoyaita magari haya makavu hawajaona kwamba wembamba huo unafaa sana katika msongamano wa Kampala. Kasoro yao ni tumbo lililo karibu na ardhi. Yaliundwa kwa ajili ya lami, na barabara ya udongo ya kwenda kijijini huyakumbusha jambo hilo kila msimu wa mvua.

Harrier linaonekana kuwa jibu la kasoro hiyo. Lilipotoka mwaka 1997 lilisimama juu, kioo cha nyuma kimelala, na mbele limebandikwa nembo ya ndege. Nchi nyingine liliuzwa kwa jina la Lexus RX. Ni gari zuri, na safari ndefu ndani yake haichoshi. Lakini umbo lake linaahidi milima, ilhali mifupa yake inatokana na Camry, gari la saluni. Mengine huendeshwa na magurudumu ya mbele tu, na mnunuzi asiyechungulia chini hatalijua hilo kwa kutazama bodi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ni kali mno kwa Harrier zima, lakini inamfaa yule aliyelinunua kwa ajili ya matope.

Probox ndilo linalochekwa na wenzangu. Lilitoka mwaka 2002 na halikujaribu kumpendeza mtu. Mbavu zake zimesimama wima kwa sababu makasha ya mizigo yana mbavu wima. Injini ni ndogo, ya sisi 1300 au 1500. Kwa mtazamo wangu, hapa ndipo fani na maudhui vinapopatana zaidi, kwani kila mstari una sababu yake. Kiti cha nyuma ni chembamba na kimebana, kwa kuwa sheria ya Japani hulitaka gari la mizigo liwe na nafasi ya mizigo kubwa kuliko ya abiria. Sehemu nyingi za mashambani nchini Kenya, gari hilihili hufanywa teksi na kujazwa watu hadi kwenye buti. Hapo kosa si la mwandishi. Msomaji ameipotosha matini, na abiria ndio wanaohatarishwa.

Wapo watakaonipinga kwamba sura nayo ni thamani, maana Premio huuzika haraka. Chema chajiuza. Nakubali. Lakini thamani hiyo tunaitengeneza wenyewe, kila mnunuzi akilipia maoni ya mnunuzi atakayemfuata, huku breki na matairi havisomwi na mtu. Hata sheria ya Uganda ya mwaka 2018, inayozuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15 isipokuwa aina chache, huhesabu umri tu. Haiwezi kumwambia mnunuzi gari lilitunzwaje.

Kwa kuhitimisha, mwenye mizigo namshauri Probox, na abiria wake wasizidi viti. Mwenye familia ya mjini achukue Allion, na tofauti ya bei ya Premio ainunulie matairi manne mapya na amlipe fundi alikague gari kabla ya kutia sahihi. Anayetaka Harrier alale kwanza chini yake, aone ni magurudumu mangapi yanayovuta.