Wizi wa Data za Makumbusho Ulivyopitia kwa Mtoa Huduma

Alhamisi ya tarehe 16 Julai 2020, kampuni ya Blackbaud yenye makao yake Charleston, South Carolina, ilitangaza kwamba imeibiwa data za wateja wake. Miongoni mwa wateja hao walikuwamo vyuo vikuu, hospitali, mashirika ya hisani na makumbusho ya kila ukubwa. Corning Museum of Glass ya jimbo la New York iliguswa. Huko Uingereza liliguswa National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale, bustani na sehemu kubwa za mwambao, ambalo data zake za uchangishaji na za watu wa kujitolea zilikuwamo. Kompyuta za taasisi hizo ofisini hazikuwa na hitilafu yoyote. Majina ya wachangiaji wao, anwani, namba za simu na historia ya michango ndiyo yaliyokuwa yamekwisha kunakiliwa na mtu asiyejulikana.

Tukio hili lastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua kwa sababu ndivyo makumbusho madogo yanavyofanya kazi siku hizi. Hayana fundi wa kompyuta wa kudumu. Yanakodi programu kwa mwaka, na data hukaa kwenye seva za kampuni ambayo hayajawahi kuiona. Kutafuta usalama kwa kununua programu za kuzuia virusi pale ofisini ni kulinda mahali ambapo mali yenyewe haipo.

Kwa mujibu wa hati ya mashtaka ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, mdukuzi aliingia tarehe 7 Februari 2020 kwa jina la kuingilia na nywila ya mteja mmoja wa Blackbaud. Nywila hiyo ilipaswa kumfungulia hifadhidata ya mteja huyo tu, na wizi uishie hapo. Haukuishia hapo. Alitumia udhaifu uliokuwa haujazibwa ndani ya mifumo ya kampuni, akashika akaunti za usimamizi zilizokuwapo, akajitengenezea nyingine mpya, kisha akatembea kutoka mazingira ya mteja mmoja hadi ya mwingine. Miezi mitatu ilipita bila kugunduliwa. Mwezi Mei mhandisi mmoja wa kampuni aliona mtu ameingia kwa namna ya kutilia shaka kwenye seva ya nakala rudufu. Kufikia hapo mafaili zaidi ya milioni 1, yanayohusu wateja zaidi ya 13,000, yalikuwa yamekwisha kutoka. Kampuni ililipa Bitcoin 24 kwa ahadi kwamba data zitafutwa. Hakuna uthibitisho wa uhakika kwamba zilifutwa.

Seva ya nakala rudufu ndiyo kiini cha mambo. Hifadhidata inayotumika kila siku ina walinzi wake: mtumiaji anaona kumbukumbu chache kwa wakati mmoja, na anachokifanya huandikwa. Nakala rudufu ni hifadhidata nzima iliyofungwa ndani ya faili moja, tayari kubebwa. Ikiwa faili hilo halijasimbwa, atakayelichukua atalifungua popote alipo kwa wakati wake. Tume ilieleza kwamba nakala za Blackbaud hazikuwa zimesimbwa. Ikaongeza kwamba kampuni iliwaruhusu wateja kuweka namba za hifadhi ya jamii na za akaunti za benki katika nafasi zisizosimbwa, ingawa zilikuwapo nyingine zilizosimbwa kwa ajili ya namba za aina hiyo. Si vigumu kuona jinsi jambo hili linavyotokea. Karani wa makumbusho ana fomu ya mchangiaji mkononi, kwenye fomu pana namba ya akaunti, na kwenye skrini pana sanduku tupu la maelezo. Anaiandika humo ili isipotee. Programu haimkatazi, na wala hakuna msimamizi aliyewahi kumwambia asifanye hivyo. Baada ya miaka kumi ya makarani tofauti, sanduku la maelezo limekuwa sehemu yenye siri nyingi kuliko zote na yenye ulinzi mdogo kuliko zote. Kosa hili lilianzia mezani kwa mteja, na kwa maoni yangu ndilo ambalo makumbusho yoyote yanaweza kulikagua bila kungoja kampuni iliyouza programu.

Kulikuwa na jambo lingine lililowashangaza wengi. Walioibiwa hawakuwa wateja wa wakati ule tu. Kampuni ilikuwa bado imeshika data za wateja waliokwisha kuondoka miaka mingi nyuma, na hata za taasisi zilizowahi kujaribu huduma bila kuinunua. Mwaka 2024 Tume iliiamuru Blackbaud ifute data isizozihitaji na iweke ratiba ya wazi ya muda wa kuzihifadhi. Katika adhabu zote ilizopata, pamoja na dola milioni 3 za Tume ya Dhamana na Masoko ya Mitaji mwezi Machi 2023 na dola milioni 49.5 ilizolipa kwa majimbo 49 na Washington D.C. mwezi Oktoba mwaka huohuo, amri hiyo isiyo na faini naiona kuwa ndiyo iliyogusa chanzo. Faini inalipwa na kusahauliwa, lakini ratiba ya kufuta inapunguza kitakachoibiwa safari ijayo.

Tangazo la Julai lilidai kwamba mdukuzi hakufikia namba za benki wala za hifadhi ya jamii. Siku chache baadaye wafanyakazi wa teknolojia na wa huduma kwa wateja walijua kwamba alizifikia. Habari hiyo haikupanda hadi kwa wakuu wa kampuni, kwa sababu hapakuwa na utaratibu wa kuipandisha. Taarifa ya fedha ya Agosti ikatoka bila kuitaja, na ukweli ukatangazwa mwishoni mwa Septemba. Tafsiri yake kwa makumbusho ni kwamba yule aliyekwisha kuwaandikia wafadhili wake mwezi Julai kuwatuliza, akinukuu alichoambiwa, huenda ilimlazimu kuandika tena. Makumbusho madogo hutegemea watu wachache wanaoyaamini, na barua ya pili ya namna hiyo ni ngumu kuiandika.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data inampa mwenye data, yaani taasisi iliyozikusanya, saa 72 za kumwarifu msimamizi wa sheria tangu apate habari. Waliosoma barua ya Blackbaud siku ileile ya Alhamisi walikuwa na hadi Jumapili. Mchakataji anayemtunzia data, yeye anatakiwa kumwarifu mwenye data "bila kuchelewa kusikostahili", bila saa kutajwa. Blackbaud iligundua mwezi Mei na kutangaza katikati ya Julai. Kwa hiyo mwenye makumbusho alikimbizwa na saa 72 baada ya mtoa huduma kukaa na habari hiyo karibu miezi miwili. Ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza ilimpa mtoa huduma huyo karipio mwaka 2021.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ilijaza pengo hilo. Mwenye data ana saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data, na mchakataji naye amewekewa saa 48 za kumwarifu mwenye data, inapowezekana. Ni kifungu kifupi, lakini kinayapa makumbusho ya Lamu au ya Kisumu hoja ya kisheria ya kudai habari mapema. Kanuni za usajili za mwaka 2021 zinamsamehe kusajiliwa mwenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, isipokuwa katika shughuli zilizoorodheshwa. Msamaha huo ni wa usajili tu. Wajibu wa kulinda data na wa kutoa taarifa unabaki palepale, na kikundi cha kijiji kinachoendesha jumba dogo la kumbukumbu kinabanwa nao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yenye Tume inayowasajili wakusanyaji na wachakataji wa taarifa.

Wapo wanaosema dawa ni kuzirudisha data nyumbani. Tarehe 28 Desemba 2023 kampuni ya Gallery Systems, ambayo programu zake hutunza orodha za mikusanyo ya makumbusho mengi, ilikuta baadhi ya kompyuta zake zimefungwa na wadai fidia. Museum of Fine Arts ya Boston, Rubin Museum ya New York na Crystal Bridges ya Arkansas zikashindwa kuonyesha mikusanyo yao mtandaoni, ilhali makumbusho makubwa yaliyoendesha hifadhidata zao yenyewe hayakuguswa. Lakini miezi miwili kabla, British Library ya London, iliyokuwa na seva zake na wataalamu wake, iliangushwa na kundi la wadukuzi la Rhysida. Ripoti yake ya Machi 2024 ilieleza kwamba njia iliyoelekea kutumika ni seva iliyosimikwa mwaka 2020 kwa ajili ya washirika wa nje, ambayo haikuwekewa uthibitishaji wa hatua mbili, japo sehemu nyingine za maktaba zilikuwa nao. Kama taasisi ya ukubwa huo ilisahau mlango mmoja, siwezi kuwashauri watu watatu wanaoendesha gofu la kihistoria wasimike seva yao wenyewe. Wabaki na mtoa huduma, ila wawe wakali kwenye mkataba.

Kuna data nyingine ambazo sheria hizi haziziangalii kabisa. Mfumo wa orodha ya mikusanyo huandika kitu kiko rafu gani, thamani yake ya bima ni kiasi gani, na kilipatikana wapi shambani. Hizo si taarifa za mtu, kwa hiyo makumbusho yanaweza kutimiza kila kifungu cha sheria huku ramani ya kilicho ndani iko wazi. Pwani ya Kenya inajua gharama yake. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za ukumbusho wa wafu, viliibwa kwa wingi na kuishia katika mikusanyo ya Marekani, na Denver Museum of Nature & Science peke yake iliamua kurudisha 30. Mwizi wa kigango anahitaji kujua kiliposimama, basi. Vipimo vya mahali pa kaburi, pango la michoro au msitu wa kaya visiwekwe kwenye ukurasa wa umma, na hata ndani ya mfumo vionwe na wachache.

Kazi ya kuanza nayo haina gharama kubwa. Kila akaunti iwekewe uthibitishaji wa hatua mbili, na ya aliyeacha kazi ifungwe siku anayoondoka. Masanduku ya maelezo yapekuliwe, na namba za benki na za vitambulisho ziondolewe. Kitabu cha wageni kinachokaa wazi mlangoni, chenye jina, simu na namba ya kitambulisho vya kila aliyetangulia, kipunguzwe safu. Kwa nini mtu aliyekuja kuona birika la shaba aache namba ya kitambulisho isomwe na atakayefuata? Viwango vya kampuni za kadi vimekataza tangu zamani kuhifadhi tarakimu tatu za nyuma ya kadi baada ya malipo kupita, na mantiki hiyohiyo inafaa kwa kitabu cha wageni na kwa fomu ya mchangiaji. Mashine ya kadi nayo isitumie mtandao uleule wa Wi-Fi wanaopewa wageni.

Mkataba na mtoa huduma useme saa ngapi baada ya kugundua tatizo atatoa habari, nakala rudufu zinasimbwa vipi na zinakaa wapi. Useme pia kwamba siku makumbusho yanapohama, data zote zitafutwa, za kwenye nakala rudufu zikiwamo, ndani ya muda uliotajwa na kwa hati iliyotiwa saini. Waliokwisha kuhama bila kipengele hicho bado wanaweza kumwandikia mtoa huduma wa zamani leo na kumuuliza anashikilia nini chao.