Neno la Chimakonde Katika Makala za Matabibu

Wahakiki wa lugha husoma mashairi, hadithi na tamthilia, na makala za utabibu huwaachia matabibu wenyewe. Desturi hii ina sababu yake, kwa maana si kila mjuzi wa vina na mizani aweza kusema neno juu ya damu na homa. Lakini makala ya utabibu nayo ni nathari. Ina msimulizi, ijapokuwa hujificha. Ina mashahidi, ijapokuwa hawatajwi majina. Ina uteuzi wa maneno, na neno lililoteuliwa vibaya ndani yake laweza kuishi miaka mingi kuliko ubeti mbovu wa shairi, maana ubeti mbovu haunakiliwi na mtu.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Kiswahili ni makala mbili zilizochapwa London mwaka 1955, katika jarida la Chama cha Kifalme cha Utabibu wa Nchi za Joto. Zilihusu maradhi yaliyozuka katika Jimbo la Kusini la Tanganyika mwaka 1952 na 1953, juu ya Uwanda wa Makonde na kandokando yake, katika nchi ya Newala. Makala ya kwanza, yenye kurasa 5 tu, iliandikwa na Bibi Daktari Marion Robinson, na kazi yake ni kueleza dalili za wagonjwa. Ya pili, yenye kurasa 25, iliandikwa na W. H. R. Lumsden, mchunguzi kutoka taasisi ya virusi ya Entebbe, naye anaeleza nchi, watu, mbu na mwendo wa maradhi.

Kurasa 5 za Robinson zastahili kusomwa na mwanafunzi yeyote wa insha. Maelezo yake yanasimama juu ya mambo machache: maradhi huanza kwa ghafla, viungo huuma kwa maumivu ya kulemaza, homa hupanda sana, kisha upele hutokea. Alipokwisha kueleza hayo, hakurukia dai kubwa. Alisema kwamba kwa dalili zake maradhi haya hayatofautiki na homa ya dengue, akakomea hapo. Mwandishi mwenye tamaa ya sifa angeweza kujitangaza kuwa amepata maradhi mapya. Mwandishi mvivu angeandika kwamba ni dengue, na habari ingekwisha. Yeye alisema yafanana, na katika kufanana huko aliacha mlango wazi kwa atakayekuja nyuma yake na chombo kikali zaidi cha kupimia.

Aliyekuja nyuma ni R. W. Ross. Alikitenga kirusi kutoka katika damu ya mgonjwa na kutoka katika mbu, na makala yake ikatoka mwaka 1956, katika jarida jingine la Uingereza lililoshughulika na elimu ya afya. Ilionekana humo kwamba kirusi cha Newala si cha dengue. Hivyo masimulizi ya tukio moja yaligawanyika katika majarida mawili na miaka miwili, na msomaji aliyekuwa na sehemu mbili za kwanza peke yake alikuwa na mwili usio na kichwa. Hiyo ni kasoro ya uchapishaji, si ya uandishi, na yapatikana hata leo, ambapo kila sehemu ya kazi hupelekwa mahali pake, husomwa na wakaguzi wake, na husubiri zamu yake mezani kwa mhariri.

Makala ya Lumsden ni ndefu, na urefu wake si wa bure. Aliona kwamba juu ya uwanda maji ni adimu, na kwamba watu huyahifadhi majumbani. Na ndani ya maji hayo ya nyumbani mbu aina ya Aedes aegypti huzaliana. Aliyepata kuona akina mama wa nchi kavu wakiteka maji mbali na kuyatunza kama mali atatambua mara moja uzito wa jambo hili. Makala duni ingesema kwamba wenyeji ni wachafu, ikapita. Hii inaonyesha kwamba chungu cha maji kilikuwa na sababu yake kabla hakijawa na mbu.

Lakini kilichozipa makala hizi umaarufu hakikuwa mbu wala kirusi, bali neno. Kichwa chake cha Kiingereza hakina jina la maradhi hata kidogo; chataja tu kuzuka kwa maradhi ya virusi katika Jimbo la Kusini. Ndani yake, hata hivyo, limewekwa neno walilotumia wagonjwa wenyewe: chikungunya, pamoja na tafsiri kwamba ni kile kinachokunja. Neno hilo likatoka ndani ya maandishi likapanda mpaka kwenye kichwa cha elimu nzima. Mwaka 2005 na 2006 maradhi hayo yalipokipiga kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya watu waliugua, na mwishoni mwa mwaka 2013 yalipofika visiwa vya Karibiani, madaktari waliandika neno lile lile, nao wengi wao hawakupata kumsikia Mmakonde akisema.

Jina hili lilikuwa na nguvu gani hata likayashinda majina ya kitabibu? Yamkini jibu limo katika sarufi. Kiingereza cha matabibu hupenda kauli ya kutendwa: jambo lilionekana, damu ilichukuliwa, maumivu yalikuwapo. Aliyeona hasemwi, na kilichotenda hakisemwi. Katika Kiswahili kauli kama hiyo humwachia msikilizaji swali mdomoni: ilichukuliwa na nani? Tena mgonjwa wetu wa pwani au wa bara aghalabu hasemi kwamba maumivu yapo. Husema kwamba viungo vinamwuma, kwamba mwili unamvunja. Jina la Chimakonde ni la ukoo huo. Kwa jinsi lilivyofasiriwa mwaka 1955, maradhi ndiyo mtenda, na mtu ndiye anayekunjwa. Katikati ya kurasa zisizo na mtenda, neno moja la wagonjwa liliingia na mtenda wake, likasimama.

Ni vema kulilinganisha na jina lingine lililotoka pwani hii miaka 80 na zaidi kabla. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja, alichapa katika British Medical Journal ya mwaka 1872 maelezo ya maradhi yaliyoenea kisiwani tangu Julai 1870 hadi Januari 1871, na jina la Kiswahili akaliweka kichwani kabisa: kidinga pepo. Wazee wa mji walimwambia kwamba maradhi hayo walikwisha kuyaona miaka kama 48 iliyotangulia. Christie aliyahesabu kuwa ndiyo dengue, na baadaye akatoa rai kwamba hata neno dengue lenyewe asili yake ni hiyo dinga ya Waswahili, iliyovuka bahari na kuvalishwa nguo ya Kihispania. (Wengi leo husema kidingapopo, pepo amegeuka popo, na hakuna aliyeona haja ya kumwuliza alikopata mbawa.)

Hukumu ya Christie ilidumu karibu miaka 100. Mwaka 1971 Donald Carey aliyasoma upya maandishi ya zamani, akaona jinsi maumivu ya viungo yalivyoelezwa kuwa hukawia mwilini hata baada ya homa kuondoka. Akatoa hoja kwamba maradhi ya Unguja ya mwaka 1870 hayakuwa dengue. Yafanana zaidi na chikungunya. Basi Christie huenda alikosea jina, lakini maelezo yake yalikuwa ya uaminifu kiasi cha kumwezesha mtu mwingine, asiyemjua na asiyefika Unguja ya siku zile, kumsahihisha kwa wino wake mwenyewe. Wanafunzi wanaofundishwa kuandika makala huhimizwa sana juu ya sehemu ya mwisho, penye hoja na hitimisho. Kwa ushahidi wa Christie na wa Robinson pia, sehemu ya kati, ile ya kueleza kilichoonekana, ndiyo inayoishi wakati hitimisho limekwisha kuzikwa.

Kumbe neno lenyewe halikupata ulinzi huo. Makala nyingi zilizofuata, nyingine katika majarida yenye heshima kubwa, zimeandika kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Si kweli, na si vigumu kujua kwamba si kweli. Kiambishi chi kingetosha kumwamsha mwandishi: Wamakonde huiita lugha yao Chimakonde, na Waswahili huiita Kimakonde, palipo chi kwa wale pana ki kwa hawa. Tena hakuna Mswahili anayesema kwamba mgongo wake umekungunyaa. Kosa hili haliwezi kuwa la Robinson wala la Lumsden, kwa kuwa wao walisema wazi neno lilikotoka. Ni kosa la waliowataja bila kuwasoma. Mmoja alinakili, wa pili akamnakili mnakili, na jina la Robinson likabaki chini ya ukurasa kama dhamana ya deni asilolikopa.

Tafsiri nayo imetembea. Wengine huandika kwamba neno maana yake ni kutembea kwa kuinama, na hapo mwendo wa mgonjwa umetiwa ndani ya neno. Wengine hulitoa katika kitenzi chenye maana ya kukunjamana au kupindika. Tofauti hii si ndogo. Katika tafsiri ya mwaka 1955 maradhi ndiyo yakunjayo. Katika hii ya kitenzi, mwili ndio unaokunjamana. Swali hilo lingepata jibu kwa alasiri moja ya mazungumzo na wazee wa Newala, na nauli ya kufika huko ni ndogo kuliko gharama ya kuchapa makala moja katika majarida mengi ya leo.

Watetezi wa matabibu watasema kwamba kosa la lugha halimdhuru mgonjwa. Labda. Lakini mwandishi aliyenakili asili ya neno bila kulichungua hakuwa na kalamu mbili, moja ya maneno na moja ya hesabu. Ikiwa sentensi ya kwanza ya makala imechukuliwa kwa mkono wa tatu, msomaji ana haki ya kuuliza kiasi cha dawa kilichotajwa katika sentensi ya arobaini kimechukuliwa kwa mkono wa ngapi.

Tena liko jambo la wakaguzi. Makala ya utabibu haichapwi kabla haijasomwa na wenzi wa mwandishi katika elimu ile ile, na utaratibu huu umeokoa mengi. Hata hivyo wenzi hao ni wenzi kwa darubini, si kwa lugha. Mkaguzi wa virusi aliyeko Ulaya hawezi kujua kwamba neno si la Kiswahili. Angelijua mwalimu yeyote wa shule huko Masasi au Newala, lakini makala haikuwahi kupita mbele yake, na kama ingepita ingekuwa katika Kiingereza cha kitabibu ambacho hata Mwingereza wa kawaida hakielewi. Makala ziliandikwa juu ya watu ambao hawakuweza kuzisoma, na kosa lilipoingia, wale pekee walioweza kulikamata walikuwa nje ya mlango.

Dawa yake si kubwa. Majarida mengi huweka muhtasari mwanzoni mwa makala, na baadhi yao huutoa katika lugha mbili au tatu za Ulaya. Hakuna sababu ya kielimu inayozuia makala juu ya maradhi ya Newala, Kilwa au Mombasa kuwa na muhtasari wa Kiswahili wa maneno 300, ulioandikwa na mtu anayekijua Kiswahili, si uliokokotwa neno kwa neno kutoka Kiingereza. Wanafunzi wa lugha katika vyuo vyetu wangepata kazi yenye maana kuliko kuhesabu mizani ya shairi lililokwisha kuhesabiwa. Wangelazimika kuuliza, katika kila sentensi, nani aliona, nani alipima, na nani alisema.

Kwa sasa neno linarudi nyumbani kwa njia ya mzunguko. Magazeti ya Kiswahili huandika ugonjwa wa chikungunya kama yanavyoandika jina lolote la kigeni lililopokewa kwa Kiingereza, na wasomaji wengi wa Dar es Salaam huliona hivyo, ingawa lilitoka Mtwara kwa basi la siku moja.