Mali, Kazi na Amri ya Nyumba katika Utenzi wa Mwana Kupona

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekwisha kuandika mengi juu ya Utenzi wa Mwana Kupona, na wengi wao wamevutwa na swali moja: je, mtunzi anamfundisha binti yake utii, au chini ya maneno ya utii amemfichia silaha? Swali hilo ni halali. Hata hivyo, katika makala haya twakusudia kuliweka kando kwa muda ili tuulize mambo ya kawaida zaidi ambayo, kwa maoni yetu, hayajapewa haki yake. Katika nyumba inayosawiriwa na utenzi huu, ni nani afanyaye kazi? Ni nani ashikaye mali? Na nyumba yenyewe ni ya nani?

Yafaa tukumbuke mazingira ya utungo. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, hali ni mgonjwa, uwe wosia kwa binti yake Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, ambaye aliyapinga majeshi ya Seyyid Said wa Unguja, alikuwa amekwisha kufariki. Basi huu si wosia wa mke wa mtu yeyote tu. Ni maneno ya mjane wa mtawala akimwambia binti wa mtawala, na kila agizo lililomo lapasa kupimwa kwa kipimo hicho.

Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa kitabu chao jina lililoutambulisha kuwa ushauri juu ya wajibu wa mke. Jina hilo limewafunga wasomaji kwa muda mrefu. Mtu akilifuata hutazamia kitabu cha unyumba tangu mwanzo hadi mwisho, ambapo sehemu ya mume ni fungu moja tu: kabla yake yapo mafunzo ya dini na adabu, na baada yake yaja maelezo ya ndoa ya mtunzi mwenyewe, kisha dua ndefu. J.W.T. Allen aliutia tena katika mkusanyo wake wa Tendi mwaka 1971, na kutoka hapo ukaingia kwa wepesi katika mitaala ya vyuo vikuu. Ann Biersteker mwaka 1991 aliwataka wasomaji waufikirie upya kwa kutazama lugha na mamlaka. Farouk Topan naye mwaka 2004 alichora njia kutoka kwa Mwana Kupona hadi kwa Mwavita wa tamthilia ya Mama Ee ya Ari Katini Mwachofi (1987). Kazi zote hizi zina faida. Lakini mjadala kwa jumla umekaa sana katika sauti ya mtunzi, na umekaa kidogo mno jikoni na ghalani.

Tuanze na kazi. Binti anaagizwa afanye nini hasa? Mume akilala asimwamshe wala asiondoke karibu naye, ampepee. Akiamka amwandalie chakula, amkande na kumwosha mwili. Amnyoe, amtengeneze ndevu, amfukize udi asubuhi na jioni. Yeye mwenyewe ajipambe, atie hina na wanja, akae kama bibi arusi. Msomaji akizipanga kazi hizi pamoja ataona jambo ambalo si rahisi kulisahau baadaye: zote ni kazi za mwili na za mapokezi. Hakuna kutwanga. Hakuna kuteka maji, wala kuchanja kuni, wala kufua, wala kusugua sufuria. Hata chakula, linalotajwa ni kukiandaa mbele ya mume. Kupika kwenyewe kumepitwa kimya.

Je, maji ya kumwoshea bwana yalitoka wapi? Jibu limo humo humo katika utenzi, mahali ambapo binti anaonywa asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Onyo hilo hutajwa na wahakiki kama mfano wa majivuno ya kitabaka, nasi hatukatai. Lakini kwa mchunguzi wa unyumba lina maana nyingine iliyo nzito zaidi. Ndilo ufunguo wa hesabu yote ya kazi katika nyumba ile. Nyumba ya Mwana Kupona ina mikono mingi, na mikono ya mke imebakiziwa kazi zile tu ambazo zingepoteza thamani yake kama zingefanywa na mtumwa. Heshima ya kumnyoa mume yatokana na kwamba mwingine amekwisha kufanya yaliyo mazito. Sifa ya utulivu anayoitoa mtunzi anaposema kwamba yeye na mumewe hawakugombana hata siku moja yafaa isomwe pamoja na ukweli huu. Magomvi mengi ya wenye nyumba, kama ajuavyo kila aliyeoa au kuolewa, huzaliwa na uchovu.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaoutoa utenzi huu kama mwongozo wa wake wote. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Watumwa walitoka katika nyumba, lakini maji yaliendelea kutekwa na nafaka kutwangwa. Mwanamke anayeambiwa leo awe kama Mwana Hashima huambiwa afanye kazi ya bibi na kazi ya wajakazi wa bibi kwa mikono miwili ile ile, na mara nyingi aende na ofisini au sokoni pia. Mtunzi hakuagiza hivyo. Wenye uwezo mijini, pamoja na sisi walimu, tumelipatia jambo hili ufumbuzi ambao Mwana Kupona angeutambua mara moja: mume na mke hawasemezani tena juu ya nani aoshe vyombo, kwa kuwa yupo mwanamke wa tatu anayelipwa kidogo kuviosha. Mshahara na utumwa si kitu kimoja, wala hatudai hivyo. Lakini amani ya wawili hao yanunuliwa kwa njia inayofanana.

Kuhusu mali, ubeti unaohusika ni ule ambao mtunzi anamwambia binti amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Sehemu hii ya kwanza ya ubeti imewafurahisha sana wahakiki wanaotafuta kejeli, nayo kejeli haikosekani. Mtawala aliyewatoa jasho Waomani amegeuzwa kitoto. Mwisho wa ubeti, hata hivyo, binti anaambiwa aangalie sana kile kitokacho na kile kiingiacho. Maneno haya yaweza kuchukuliwa kwa njia mbili. Yaweza kuendeleza picha ya mtoto mchanga ambaye mlezi humwangalia chakula chake na haja zake. Yaweza pia kuwa juu ya nyumba, yaani chumo na matumizi, akiba ya ghala na vitu vinavyotolewa mlangoni. Sisi twaipa nguvu maana ya pili, na sababu yetu ni hii: mtoto asiyejua kusema hawezi kutoa amri juu ya mali. Picha ya mtoto yaliandaa agizo la mali. Mume amewekwa katika hali ya kutunzwa, na papo hapo uangalizi wa hesabu umepita mikononi mwa mtunzaji. Kama ni silaha inayotafutwa, basi iko hapa, na ni silaha ya kawaida kabisa: kujua kilichomo ndani ya nyumba na kilichopungua.

Wala tusisahau sheria iliyoizunguka nyumba hiyo. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe, na alicho nacho hakichanganywi na cha mume kwa sababu ya ndoa. Masurufu ya chakula, mavazi na makao ni deni juu ya mume. Zaidi ya hayo, ilikuwa desturi miongoni mwa waungwana wa Lamu na Pate kumwandalia binti nyumba, au kumwongezea orofa juu ya nyumba ya wazazi, mume aje kukaa humo. Utenzi haulitaji jambo hili, wala haukuwa na haja ya kulitaja kwa wasikilizaji walioishi ndani yake. Msomaji wa bara, aliyezoea bibi arusi kuhamia kwa wakwe, husoma agizo la kumpokea mume, kumwandalia na kumfukiza udi, akamwona mtumishi katika nyumba ya mtu. Kwa desturi ya visiwani picha hugeuka: yawezekana sana huyu ni mwenyeji, na yule ndiye mgeni wa heshima. Ni kweli kwamba mwenyeji huyu bado aomba ruhusa ya kutoka nje, na kwamba siku ya mwisho pepo yake imetundikwa katika radhi ya mume. Hapo utenzi ni mkali, na ufafanuzi wowote unaoulainisha kwa kutafuta kejeli kila mahali twauona dhaifu. Amri juu ya mwendo wa mke ni ya mume. Amri juu ya vitu vya nyumba kwa sehemu kubwa ni ya mke. Mamlaka mawili tofauti yamekaa chini ya dari moja, na uhakiki unaopima moja tu utakosea.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, inawapa wenye ndoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwamo ndani yake, na wanapoachana. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kuwa ni mchango kazi za nyumbani, usimamizi wa nyumba na ulezi wa watoto, ijapokuwa inamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya dini yake. Mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa huo hauna maana ya kugawa mali nusu kwa nusu bila ya kutazama mchango wa kila mmoja. Kwa hiyo siku hizi wake wanasimama mbele ya mahakimu kuthibitisha kwamba waliangalia kilichoingia na kilichotoka. Aliyefundishwa utenzi huu kama somo la utii peke yake hakupewa hata neno moja la kumsaidia katika ushahidi huo, hali ubeti wenyewe umo.

Limebaki jambo la wasomaji waliokusudiwa. Karibu na mwisho mtunzi anawaita wanawake waungwana wote wausome utenzi wake na kuufahamu. Walioteka maji na kutwanga hawamo katika mwito huo. Sauti zao zatakiwa kutafutwa kwingine, katika nyimbo za kazi, katika lelemama na vugo, na katika masimulizi ya maisha kama yale waliyoyakusanya Sarah Mirza na Margaret Strobel mjini Mombasa na kuyachapisha mwaka 1989. Humo Bi Kaje wa Mwenye Matano na Bi Mishi wa Abdala, mmoja wa ukoo uliomiliki watumwa na wa pili wa ukoo uliotoka utumwani, wanaeleza maisha yao kwa vinywa vyao wenyewe. Kuyasoma masimulizi hayo mawili sambamba na utenzi huu, kazi kwa kazi na chumba kwa chumba, ni utafiti ambao ungemfaa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika idara zetu.